Daftari, programu ya kununua au ya kulipia kila mwezi: ipi inalifaa duka lako?

Mombasa tuna jambo ambalo mgeni huchukua muda kulielewa: nyumba bila ardhi. Mtu amejenga Majengo au Kisauni, kuta ni zake, mabati ni yake, mlango ni wake, lakini kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya kiwanja hupelekwa kila ikifika siku yake. Watu huishi vyema ndani ya nyumba hizo, wakalea watoto na wajukuu, hadi siku ardhi inapopata mwenyewe mpya. Kila mfanyabiashara anaponiuliza kama ahamishie hesabu zake kwenye programu ya kulipia kila mwezi, huzikumbuka nyumba hizo. Hesabu ni zako, lakini kiwanja zilipokaa si chako.

Kazi yangu ni kuwafanyia hesabu wenye biashara ndogo: wauza leso na vitambaa wa Barabara ya Biashara, wauza viungo wa Marikiti, na wanaopelekea hoteli samaki na mboga. Miaka ya nyuma nilikuwa nikiulizwa daftari gani zuri. Siku hizi naulizwa programu gani. Nimeziona njia zote tatu zikifanya kazi na zote tatu zikimuumiza mtu, kwa hivyo nitazilinganisha kama ninavyomlinganishia mteja aliyekaa mbele yangu na hesabu zake mkononi.

Kwanza tuelewane majina. Programu ya kununua ni ile unayolipia mara moja, ikawekwa ndani ya kompyuta yako, na kila unachoandika kinabaki humo. Programu ya kulipia kila mwezi, ambayo wengine huiita ya wingu, haikai kwako. Iko kwenye kompyuta kubwa za kampuni fulani, nawe unaifikia kwa intaneti, kwa simu au kwa kompyuta yoyote. Unalipa mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka. Biashara hii ya kukodisha programu kupitia mtandao ilipata nguvu baada ya Salesforce kuanza Marekani mwaka 1999, na mwaka 2013 Adobe, wenye Photoshop, iliwageuzia wateja wake kwenye malipo ya mwezi, jambo ambalo wenye vibanda vya kuchapisha kadi za harusi wanalijua vizuri.

Daftari

Sitaki mtu alidharau daftari. Halihitaji stima, halihitaji bando, na msaidizi aliyeingia kazini leo asubuhi ataweza kuliandika kufikia adhuhuri. Kwa duka moja ambalo mwenyewe huketi humo kutoka kufungua hadi kufunga, lenye bidhaa mia moja au mia mbili anazozijua kwa macho, daftari linatosha. Wako akina mama wa mahamri na mbaazi niliowakataza kwa mdomo wangu wasilipie programu yoyote, kwa sababu faida ya wiki nzima ingekwenda kwenye kitu ambacho akili yao ilikuwa ikikifanya bure.

Shida ya daftari huanza unapotaka likujibu swali. Ramadhani iliyopita ziliuzwa korija ngapi za leso, yaani mafungu ya ishirini, na jina gani, maneno yale yaliyoandikwa juu ya leso, lilikwisha kwanza? Jibu limo, lakini limetawanyika kwenye kurasa mia. Mteja gani wa mkopo amepitisha siku sitini? Hilo nalo limo, ila utalipata siku utakapokuwa na subira ya kupekua. Na daftari ni moja. Mteja wangu mmoja wa Marikiti paa lake lilivuja mvua za mwezi wa tano, wino ukayeyuka, na kurasa za madeni zikawa bahari ya buluu. Waliolipa baada ya hapo walilipa kwa uaminifu wao tu.

Programu ya kununua

Hii ndiyo waliyoizoea wahasibu wengi wa mjini. Tally ya kutoka India utaikuta kwenye maduka ya vipuri na ya jumla, na QuickBooks ya zamani ya kompyuta nayo bado ina wapenzi wake. Uzuri wake ni kwamba intaneti ikikatika huna habari nayo. Ni ya haraka, na ina nguvu hasa kwa anayenunua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine. Jambo hilo la vipimo ni la kuangalia sana hapa kwetu. Muuza leso hununua kwa korija na kuuza kwa doti, yaani jozi, na muuza viungo hununua gunia na kuuza kwa vijiko. Programu nyepesi nyingi, hasa zile za bure za simu, hujua kipimo kimoja tu kwa kila bidhaa. Ukishaingiza stoki yote ndipo unapogundua hilo, umechelewa.

Lakini neno "kununua mara moja" linadanganya kidogo. Ukinunua Tally unapata masasisho kwa muda fulani, kisha ukitaka yaendelee unalipa tena. Kompyuta nayo huzeeka, na hewa yetu ya chumvi huila haraka kuliko ya bara. Mfumo wa Windows 10 uliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na nimeona maduka ambayo bado yameweka hesabu zote juu yake, kwenye kompyuta hiyo hiyo ambayo vijana wa dukani wanachomeka flashi za nyimbo. Aliyenunua programu amejichukulia pia kazi ya ulinzi. Nakala ya akiba ni juu yake, na kusema kweli, katika kila wateja kumi walionihakikishia wana nakala, wachache sana waliweza kuifungua nilipowaomba wanionyeshe.

Kuna na hili. Watengenezaji wenyewe wanaelekea kwingine. Mwaka 2024 Intuit, wenye QuickBooks, waliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo ya kawaida ya kompyuta, wakawaelekeza kwenye ya mtandaoni. Anayeanza leo ajue kwamba njia ya kununua inazidi kuwa nyembamba.

Ya kulipia kila mwezi

Mzee mmoja wa leso, ambaye mimi humwita Ami kwa heshima ya umri na ujirani, alitaka kufungua duka la pili Mtwapa, bintiye akae huko. Nilimuuliza:

"Ami, utajuaje kule kumebaki korija ngapi?"

"Nitampigia simu."

"Na akiwa na wateja?"

"Jioni atanipigia yeye."

"Na mteja akikuuliza wewe hapa, saa nne asubuhi, kama jina fulani liko Mtwapa?"

Alinyamaza. Hapo ndipo programu ya wingu inapostahili pesa zake. Duka likiwa moja na mwenyewe yumo, faida yake ni ndogo. Maduka yakiwa mawili, au mwenyewe akiwa anaishi Likoni na duka liko kisiwani, au akiwa safarini Dubai kutafuta mzigo, kitu anachokinunua hasa ni macho. Anasimama kwenye feri na kuona kwenye simu yake ni nini kimeuzwa tangu asubuhi, nani ameuza, na nini kimebaki wapi. Kila msaidizi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, na punguzo likitolewa au risiti ikifutwa jina linabaki pale. Nawaombeni jambo moja: msimpe kila mtu neno la siri moja. Mkifanya hivyo mmelipia mlango wa chuma kisha mkauacha wazi.

Faida ya pili ni ya msimu. Biashara zetu hupanda na kushuka: Ramadhani na Idi kwa wauza nguo, Desemba hadi Machi kwa wanaotegemea watalii, kisha kusi inaingia na hoteli zinapunguza vyumba na watu. Programu ya mwezi hukuruhusu kuongeza watumiaji watatu msimu ukiwa juu na kuwaondoa ukishuka. Ndiyo maana simshauri anayeanza alipie mwaka mzima ili apate punguzo. Alipe mwezi mwezi hadi apitishe msimu mmoja wa chini, ndipo aamue.

Ya tatu ni mkopo. Benki au sako ikitaka kujua biashara yako, miezi kumi na miwili ya mauzo yaliyopangwa, yanayolingana na taarifa ya M-Pesa na ya benki, yana uzito ambao daftari halina. Baadhi ya programu za mtandaoni zinaweza kuvuta malipo ya Lipa na M-Pesa na kuyaweka mbele ya mauzo moja kwa moja. Kazi hiyo kwa mkono ilikuwa ikinichukua siku mbili kila mwisho wa mwezi kwa duka moja tu.

Pesa, mwaka wa kwanza hadi wa tano

Bei zifuatazo ni za mfano, wewe weka zako. Tuseme programu ya kununua ni shilingi 60,000, na kuanzia mwaka wa pili masasisho ni 10,000 kwa mwaka. Ya mwezi tuseme ni 2,500.

| | Ya kununua | Ya kila mwezi |
|---|---|---|
| Mwaka wa 1 | 60,000 | 30,000 |
| Jumla ya miaka 3 | 80,000 | 90,000 |
| Jumla ya miaka 5 | 100,000 | 150,000 |

Ukiangalia jedwali peke yake utasema ya kununua inashinda, na kwa duka moja lililotulia, lenye kompyuta nzuri na mtu wa kuiangalia, huenda ni kweli. Lakini ile 60,000 inatoka siku ya kwanza, siku ambayo mwenye biashara changa anaihitaji kuliko siku zote, kwa kuwa ni pesa ya mzigo. Na jedwali halina kompyuta ya pili, leseni ya tawi la pili, wala fundi.

Kitu ambacho watu husahau ni dola. Programu za nje nyingi bei yake ni ya dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, kisha baada ya miezi michache ikarudi karibu na 130. Programu ya dola 20 iliyokuwa ikimla mtu 3,200 ikawa inamla 2,600, bila yeye kufanya lolote. Siku moja inaweza kupanda tena hivyo hivyo. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa huduma za kidijitali zinazotoka nje. Kulipa kwenyewe si tatizo kubwa tena. Tangu mwaka 2022 kuna kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, asiye na kadi ya benki anaweza kuitumia.

Programu za kampuni za hapa Kenya bei yake ni ya shilingi, unalipa kwa M-Pesa, na ukipiga simu unajibiwa kwa Kiswahili. Hilo ni jema kubwa. Hatari yake ni umri. Mteja wangu mmoja alikuwa na kampuni ndogo ya programu iliyozima huduma ghafla, simu hazishikwi, na mauzo ya miezi minane yakapotea nayo. Kampuni kubwa ya nje haitafungwa kesho, lakini pia haitakujua jina. Nikiulizwa, nachagua ya hapa ikiwa ina miaka kadhaa sokoni na inakuruhusu kupakua kila kitu. Kama haikuruhusu, naiacha hata ikiwa ya bei nafuu namna gani.

Stima na mtandao

Hapa ndipo wanaosifu wingu huongea haraka haraka na kupita. Mombasa ndipo nyaya za baharini zinapopandia nchi kavu kuingia Kenya, TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata, na nyingine baadaye. Mtu angedhani kwa kuwa tumekaa mlangoni hatutakosa mtandao. Lakini Februari 2012 meli iliangusha nanga karibu na bandari yetu na kuukata waya wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kujikokota kwa siku kadhaa. Na Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima.

Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: mtandao ukikatika, kaunta yangu inaendelea kuuza? Kuna programu, Loyverse ikiwa mojawapo, ambazo simu au tableti huendelea kupokea mauzo bila intaneti kisha huyapeleka mtandao ukirudi. Kuna nyingine ambazo skrini hubaki nyeupe. Usiamini maneno. Ukiwa bado kwenye majaribio ya bure, zima data, uza vitu vitatu, washa data, hesabu kama vyote vitatu vimefika. Dakika tano. Na hata hivyo weka kitabu cha risiti chini ya kaunta.

Programu ya kununua hushinda hapa kwa upande wa intaneti, lakini bila stima nayo hulala. Simu yenye chaji hubaki macho.

KRA

Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya, KRA, ukiacha aina chache zilizosamehewa, haikubaliwi kupunguza kodi. Maana yake mteja wako mwenye kampuni, hoteli kwa mfano, hatataka kununua kwako kama huwezi kumpa ankara hiyo. Nimeona muuza samaki akipoteza hoteli mbili kwa sababu hiyo tu. Huhitaji kulipia programu ili utoe ankara. KRA wenyewe wana njia za bure, pamoja na *222# kwa simu ya kawaida. Anayetoa ankara tano kwa wiki zinamtosha. Anayetoa arobaini kwa siku atachoka kuandika kila kitu mara mbili, na hapo programu iliyounganishwa na eTIMS, ya kununua au ya mwezi, inajilipa yenyewe. Muulize muuzaji akuonyeshe ankara halisi ikitoka mbele yako. Mtu akikwambia "inakuja hivi karibuni", tafuta kwingine.

Kumbuka pia kwamba sheria inakutaka utunze kumbukumbu za kodi miaka mitano. Hilo linatupeleka kwenye jambo ambalo mimi huliweka mbele ya mengine yote.

Siku ukiacha kulipa

Ami alikuwa ameliwaza kabla yangu. Aliniambia: "Mwanangu, nilichokinunua ni changu. Hicho cha kulipia kila mwezi, kusi ikaingia na biashara ikalala, si watanifungia mlango?"

Naam, wanaweza. Baadhi ya kampuni hukuachia kusoma bila kuandika. Nyingine hufunga kabisa, na baada ya muda uliotajwa kwenye masharti hufuta. Masharti hayo yako wazi kwenye tovuti zao, lakini husomwa na wachache. Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, tafuta majibu ya haya: nikichelewa kulipa nina siku ngapi? Naweza kupakua bidhaa, wateja, madeni na mauzo yote kwenye faili la Ekseli, mimi mwenyewe, bila kuomba? Mkifunga kampuni, mtanijulisha vipi?

Kisha jaribu kutoka kabla hujaingia. Ingiza bidhaa ishirini na mauzo ya siku mbili, pakua, fungua faili, utazame. Mara nyingine utaona majina ya wateja yametoka lakini madeni yao hayakutoka, au jumla ya mauzo imekuja bila kuonyesha kilichouzwa. Faili la namna hiyo halitakusaidia siku ya kuhama.

Namba za simu za wateja wako nazo zimo humo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhesabu wewe mwenye duka kuwa mwenye dhamana nazo, hata kama zimehifadhiwa kwenye kompyuta iliyoko Ireland. Msaidizi akiacha kazi, mfungie njia siku hiyo hiyo, msisubiri mwisho wa mwezi.

Nimshauri nani nini

Mwenye duka moja, anayeketi mwenyewe, na wateja wake ni majirani: daftari, pamoja na picha ya kila ukurasa kwa simu kila jioni, na njia ya bure ya eTIMS. Asione haya.

Mwenye duka la jumla au vipuri, lenye bidhaa maelfu, vipimo vingi, mhasibu wa kila siku na jengo moja: ya kununua bado inamfaa, mradi nakala ya akiba itoke nje ya jengo kila wiki na mtu aifungue kuhakikisha inafunguka.

Mwenye matawi mawili, au anayetaka kufungua la pili, au asiyeketi dukani, au anayeuzia hoteli na kampuni: alipie kila mwezi. Nayasema haya bila kusita. Nimeona biashara zikikwama kwenye duka la kwanza si kwa kukosa mtaji, bali kwa sababu mwenyewe hakuthubutu kuondoka kwenye kaunta.

Ami alianza na Mtwapa pekee, mwezi mmoja wa majaribio na miwili ya kulipia, huku duka la mjini likibaki na daftari lake. Tulichagua programu iliyojua korija na doti. Ilipofika Shaabani alinipigia simu mwenyewe, nikahamisha na la mjini, kazi ya usiku tatu. Sasa kila Ijumaa baada ya swala, kabla duka halijafunguliwa tena, bintiye hupakua faili la wiki na kulihifadhi kwenye flashi mbili, moja Mtwapa na moja nyumbani Kibokoni, ndani ya kabati la mamake.